Bergepanther, M31, M32B1 au M26: Kuchagua Modeli ya Gari la Deraya la Kukwamua Vifaru

Wapenzi wa modeli za plastiki wamezoea kukuta vifaru vyenye mizinga kwa mamia katika orodha za wauzaji, ilhali magari yaliyokuwa yakivikwamua vifaru hivyo matopeni ni machache. Uchache huo haurahisishi uchaguzi hata kidogo. Mtu aliyezoea kuchagua kifaru kwa kutazama urefu wa mzinga na unene wa deraya hukosa cha kushika anapoletewa gari ambalo halina mzinga, au lina mzinga wa bandia, na ambalo thamani yake yote imo katika winchi, kebo na nguzo ya kunyanyulia mizigo.

Ulinganisho huu unahusu magari manne ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia katika skeli ya 1/35, yaani modeli ndogo mara 35 kuliko gari halisi, ambayo ndiyo skeli iliyohudumiwa vizuri zaidi katika eneo hili. La kwanza ni Bergepanther la Kijerumani, ambalo kampuni za Takom na Meng zimelitoa kila moja kwa namna yake. La pili ni M31 la Kimarekani, kutoka Takom pia. La tatu ni M32B1, ambalo lilitolewa na kampuni ya Tasca, inayojulikana sasa kwa jina la Asuka. La nne ni M26 la Tamiya, linalouzwa ama peke yake ama pamoja na trela lake la M15. Yote manne yanastahili kununuliwa. Kinachotofautiana ni mahitaji ya mnunuzi, muda wake, na ukubwa wa rafu yake.

Vigezo

Magari haya yatapimwa kwa mambo matano. La kwanza ni gari lenyewe: lilifanya kazi gani, na kwa nini liliundwa jinsi lilivyoundwa. La pili ni kiasi cha mitambo ya kazi kinachobaki kuonekana baada ya modeli kukamilika. La tatu ni ugumu wa kuunganisha, pamoja na shughuli ya kufunga kebo na cheni. La nne ni rangi na uchafu. La tano ni nafasi, gharama na upatikanaji.

Kigezo cha pili nimekipa uzito kuliko vingine, nami naona ni haki kusema hivyo mapema ili msomaji mwenye mtazamo tofauti apunguze mwenyewe. Gari la kukwamua ambalo mitambo yake yote imefunikwa huonekana, kwa mtu asiyelijua, kama kifaru kilichosahauliwa mzinga. Lile ambalo mitambo yake iko wazi hujieleza lenyewe bila kibandiko cha maelezo.

Gari lenyewe na kazi yake

Bergepanther lilizaliwa kutokana na shida. Kabla yake, jeshi la Ujerumani lilitegemea trekta la Sd.Kfz. 9, maarufu kama Famo, lililoundwa kuvuta tani 18, na kifaru cha Tiger chenye uzito wa takriban tani 57 kilihitaji Famo kadhaa zifungwe pamoja ndipo kisogee. Katika mapigano ya Kursk, Julai 1943, Wajerumani walipeleka vifaru 200 vipya vya Panther, na vingi kati yake vilisimama kwa hitilafu za mitambo au kwa kukanyaga mabomu ya ardhini. Kifaru kilichosimama namna hiyo si hasara ikiwa kitavutwa hadi karakana. Huwa hasara pale jeshi linaporudi nyuma na kukiacha. Kiwanda cha MAN kilikuwa kimekwisha kutoa Bergepanther 12 za kwanza mnamo Juni 1943, zenye bodi ya Panther Ausf. D, yaani toleo la D, lakini hizo hazikuwa na winchi. Matoleo yaliyofuata ndiyo yaliyofungwa winchi ya tani 40 katikati ya bodi, pamoja na sepeto kubwa ya chuma upande wa nyuma. Winchi ilipovuta, sepeto hiyo ilijichimbia ardhini na kulishikilia gari lisije likaburutwa kuelekea kwenye mzigo wake. Hadi vita vinakwisha zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 300.

Wamarekani walianzia upande mwingine kabisa. Kifaru chao cha M3 Lee kilikuwa kimepitwa na kifaru kingine chao, Sherman, na bodi zake zilikuwepo tele, basi wakazigeuza. Gari lililopatikana liliitwa kwanza T2, kisha likapewa jina rasmi la M31. Ndani waliweka winchi yenye nguvu ya ratili 60,000, yaani takriban tani 27, na juu ya mnara wakafunga nguzo ya kunyanyulia. Kwa kuwa gari lisilo na mzinga lingemvutia adui kulishambulia bila woga, liliwekewa mizinga miwili ya bandia: mmoja wa milimita 37 mnarani, na mwingine wa milimita 75 ubavuni, mahali pale pale ulipokuwa mzinga halisi wa Lee, ila safari hii ukiwa umepachikwa juu ya mlango. Sijui gari jingine la vita hivyo ambalo mafundi wake waliingia na kutoka kwa kufungua mzinga.

M32 ni hatua iliyofuata. Hapa bodi ni ya Sherman, na herufi na tarakimu za mwisho huonyesha ni Sherman ipi: M32B1 lilitumia bodi ya M4A1, ile ya chuma cha kusubu yenye mabega ya mviringo, nalo ndilo lililotengenezwa kwa wingi kuliko ndugu zake. Mnara uliondolewa na mahali pake pakajengwa chumba kisichozunguka. Mbele ilifungwa nguzo ya miguu miwili yenye umbo la herufi A, ambayo husimamishwa wakati wa kunyanyua na kulazwa kuelekea nyuma wakati wa safari. Winchi ilibaki ya ratili 60,000. Mbele kulikuwa pia na mota ya milimita 81, si kwa ajili ya kushambulia bali kwa kurusha moshi wa kuwaficha mafundi wakati wanafunga kebo chini ya macho ya adui.

M26 halina minyororo ya kifaru. Ni lori kubwa la magurudumu, lililosanifiwa na kampuni ya Knuckey ya San Francisco na kutengenezwa na Pacific Car and Foundry, likiwa na injini ya petroli ya Hall-Scott yenye nguvu ya farasi 240 na cheni kubwa zinazozungusha magurudumu ya nyuma. Nyuma ya kibanda chake kuna winchi mbili za ratili 60,000 kila moja, na mbele ipo nyingine ya ratili 35,000, sawa na takriban tani 16, ambayo lori hutumia hasa kujikwamua lenyewe. Kibanda chake kilikuwa cha deraya. Toleo la baadaye, M26A1, liliondolewa deraya hiyo. Likiunganishwa na trela la M15 lenye uwezo wa tani 40 za Kimarekani, mfumo mzima uliitwa M25, na askari wakaupa jina la utani la Dragon Wagon.

Kwa hiyo kazi zao hazilingani. Matatu ya kwanza yaliundwa kufika pale kifaru kilipokwama, kukiwa na risasi au la, na kukivuta hadi mahali salama. M26 linaweza kukwamua pia, lakini ubora wake huonekana barabarani, kifaru kikishapandishwa trelani na kupelekwa mbali. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua mandhari utakayoijenga baadaye, na ni vyema mnunuzi aifikirie kabla ya kuvutiwa na picha ya kwenye boksi.

Mitambo inayoonekana

Hapa Bergepanther halina mpinzani. Sehemu yake ya katikati iko wazi juu, imezungukwa na kuta za mbao na chuma, na anayetazama kutoka juu huona ndani moja kwa moja. Nguzo ndogo ya kreni huweza kusimamishwa upande wowote kati ya pande mbili za bodi, na sepeto ya nyuma huweza kuinuliwa au kushushwa. Kwa sababu ya uwazi huo, swali la mambo ya ndani, ambalo katika vifaru vya kawaida huwa ni la anasa kwa kuwa kila kitu huzibwa na kifuniko, katika Bergepanther ni swali la msingi. Takom wametoa seti yenye mambo ya ndani kamili, pamoja na matoleo yanayofuata bodi mbalimbali za Panther. Meng wao wameshughulikia Ausf. A. Anayetaka kuacha vifuniko vya injini wazi na kuonyesha kila bomba atazame Takom; anayetaka gari lililofungwa vifuniko vyake, ambalo macho yatavutwa na winchi, kreni na sepeto, Meng haitamwangusha. Angalizo moja: mambo mengi ya ndani yanayochukua majuma ya kupaka rangi huishia chini ya sakafu na nyuma ya kuta, hata katika gari lililo wazi kama hili, na mtu asiyefurahia kazi kwa ajili ya kazi yenyewe atajiuliza muda wake umekwenda wapi.

M26 linafuata kwa karibu, na kwa namna fulani linapita. Winchi zake za nyuma zimekaa nje, nyuma ya kibanda, na cheni zake za magurudumu huonekana bila kufungua kitu. Hakuna sehemu ya lori hili inayohitaji kukatwa au kuachwa wazi ili mtazamaji aelewe kazi yake. Trela nalo lina kazi zake nyingi: ngazi za kupandishia, magurudumu manane, cheni za kufungia mzigo.

M31 na M32B1 yanahitaji msaada. Winchi zao zimo ndani ya bodi zilizofungwa, na kinachobaki nje ni nguzo, puli, kebo, pingu za kuvutia, jeki na masanduku ya vifaa. Kati ya mawili hayo, M32B1 likiwa limesimamisha nguzo yake ya herufi A hujieleza vizuri zaidi, kwani umbo hilo halifanani na kitu kingine chochote. M31 likiwa limelaza nguzo yake huweza kudhaniwa ni M3 Lee ya kawaida, jambo ambalo kihistoria ndilo lililokusudiwa. Kwa mtu anayependa vitu vyenye siri ndogo, hilo ni sifa. Fungua ule mlango wenye mzinga wa bandia, na hadithi nzima ya gari imekwisha kusimuliwa.

Kuunganisha

Tamiya wana sifa ya vipande vinavyokaa mahali pake bila kubishana, na seti ya M26, ingawa ilitoka miaka ya 1990, bado inaistahili sifa hiyo. Ugumu wake uko katika wingi na mpangilio: chesisi ya lori lazima ikae sawasawa kabisa, kwa sababu gurudumu moja lililoinuka kidogo kutoka mezani huonekana na kila mtu, jambo ambalo katika kifaru minyororo hulificha. Unganisha chesisi juu ya kioo au kigae kilichonyooka, na usiguse tena hadi gundi ikauke. Tairi ni laini na hazihitaji kazi nyingi zaidi ya kusugua mstari wa kalibu kwa msasa.

M32B1 la Asuka ni seti ya mtu anayeipenda Sherman. Springi za Tasca, ambazo Asuka wameziendeleza, hutumia vipande vya sponji ndani yake ili magurudumu yaweze kupanda na kushuka kidogo. Ni jambo dogo, lakini linapowekwa juu ya ardhi isiyo sawa hulipa. Bodi ya kusubu ina mchubuko wake wa chuma ambao plastiki imeuonyesha kwa staha. Sehemu ya kuangaliwa zaidi ni ile nguzo: miguu miwili lazima ilingane, na ikikauka ikiwa imepinda hakuna rangi itakayoificha.

M31 lina ribiti, vile vichwa vya misumari ya kuungia mabati ya chuma. Bodi ya Lee ya awali ilifungwa kwa ribiti kila mahali, na kila unaposugua mstari wa maungio unahatarisha ribiti mbili au tatu. Anayeanza asiogope, ila atumie gundi nyembamba inayopenya yenyewe badala ya ile nzito inayotoka pembeni na kuhitaji msasa. Ukiacha hilo, umbo la Lee lenye pembe nyingi na tabaka zake huleta raha ya kuunganisha ambayo Sherman, kwa ulaini wake, haina.

Bergepanther ndilo refu kuliko yote kwa saa za mezani, hasa likiwa na mambo ya ndani. Panther ina magurudumu makubwa yaliyopishana, seti nane za magurudumu mawili mawili kila upande, na hayo yote yanahitaji kukatwa, kusuguliwa, kupakwa rangi ya chuma na ya mpira, kisha kupangwa kwa utaratibu wake kabla minyororo haijafungwa. Mambo ya ndani yanahitaji kupakwa rangi kadiri unavyounganisha, si baada ya kumaliza, kwa hiyo anayezoea kuunganisha kila kitu kwanza na kupaka rangi mwishoni itambidi abadilishe mwendo wake.

Kuhusu kebo, ambazo ndizo roho ya magari haya yote, ushauri ni ule ule kwa seti yoyote. Uzi wa kawaida una manyoya, na manyoya hayo katika skeli ya 1/35 huonekana kama katani. Upitishe juu ya nta ya nyuki mara mbili tatu na utalala. Bora zaidi ni nyuzi nyembamba za shaba zilizomo ndani ya waya wa umeme, zinazopatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, zikisokotwa kwa kushikwa na kekee inayozunguka polepole. Kebo ya shaba hukubali kulegea kwa uzito wake ardhini na hukubali kukazwa. Uzi hukubali la pili tu. Kwa M32B1 lenye nguzo iliyosimama na M31 lenye nguzo iliyoinuliwa, kebo inayoshika uzito lazima iwe imenyooka, la sivyo mtazamaji atajua kwamba mzigo unaning'inia kwa gundi.

Rangi na uchafu

Magari matatu ya Kimarekani hupakwa rangi moja ya kijani cha zeituni, pamoja na nyota nyeupe na namba za kikosi. Hilo ni rahisi kuanza na gumu kumaliza, kwa kuwa rangi moja iliyopakwa kila mahali huonekana kama kitu kilichotumbukizwa kwenye ndoo. Itabidi uipaushe pale jua linapopiga, uitie giza kwenye mikunjo, kisha uache grisi, vumbi na michubuko zieleze kazi. Katika M26 kazi hiyo ni tamu zaidi, kwani cheni zina grisi, tairi zina vumbi, na trela lina chuma kilichokwaruzwa na minyororo ya kila kifaru kilichopanda.

Bergepanther lina uwanja mpana. Tangu Februari 1943 msingi wa magari ya deraya ya Ujerumani ulikuwa rangi ya manjano ya mchanga iitwayo Dunkelgelb, juu yake mabaka ya kijani na kahawia yaliyopakwa na vikosi vyenyewe, hivyo hakuna gari lililofanana kikamilifu na jingine. Zipo mbao za kupaka kwa nyuzi zake, kuna kebo, kuna chuma kitupu cha sepeto iliyosuguliwa na udongo. Kuhusu Zimmerit, ile rojo nzito ya kuzuia mabomu ya sumaku iliyopakwa kwenye vifaru vya Ujerumani kiwandani kati ya Septemba 1943 na Septemba 1944, mwenye kujali usahihi achague kwanza picha ya gari moja halisi na aifuate hiyo, badala ya kukisia kutokana na aina ya bodi.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, rangi ni sehemu ya uchaguzi kuliko inavyodhaniwa. Rangi na thina zenye vimiminika vinavyowaka huzuiliwa katika vifurushi vya kawaida vya ndege, na hata akriliki za Tamiya zina spiriti ndani yake. Akriliki za maji kama za Vallejo husafiri kwa urahisi zaidi. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa akriliki hizo hukauka brashini kabla hazijafika kwenye plastiki, kwa hiyo ongeza tone la kichelewesha ukaukaji au paka asubuhi. Kwa kuwa gari la Kimarekani linahitaji kopo moja kubwa la kijani na rangi chache za kupausha, ilhali Bergepanther lenye mambo ya ndani linahitaji rangi ya pembe za ndovu, nyekundu ya praima, manjano, kijani, kahawia, mbao na chuma, tofauti ya bei kati ya maboksi mawili si tofauti yote.

Nafasi, gharama na upatikanaji

M31 na M32B1 yana urefu wa bodi wa sentimita 16 au 17 katika skeli hii, yaani sawa na kifaru cha kawaida. M26 peke yake ni takriban sentimita 22. Bergepanther pamoja na sepeto yake hukaribia sentimita 25. M26 na trela lake ni takriban nusu mita, na nusu mita si rafu ya vitabu, pima kwanza.

Hata hivyo, vipimo hivyo vinadanganya kidogo, kwa sababu magari haya mara nyingi hayabaki peke yake. Anayenunua gari la kukwamua, mapema au baadaye, atataka kitu kilichokwama. Bergepanther litaita Panther ya pili au Tiger. M32B1 litaita Sherman iliyokatika mnyororo. Trela la M15 likiwa tupu huonekana limekosa kitu. Bajeti ya kweli basi ni ya modeli mbili, na nafasi ya kweli ni ya mbili pia. M31 ndilo lisilosumbua sana kwa hili, kwani sura yake ya Lee na mizinga yake ya bandia hulitosheleza hata likisimama peke yake.

Kwa bei, seti ya Takom yenye mambo ya ndani na seti ya Tamiya yenye trela ndizo zinazokaa juu; M26 bila trela na Bergepanther la Meng hukaa katikati; M31 huwa nafuu zaidi yakiwekwa yote pamoja. Asuka hutoa kwa vipindi, kwa hiyo M32B1 huweza kukosekana kwa muda mrefu kisha likarudi, na bei yake hufuata hali hiyo. Wapo pia wenye njia nyepesi: Italeri wana Bergepanther na M32B1 za kalibu za zamani, zenye maelezo machache lakini nafuu na zinazofaa kwa kujifunzia, na ICM wana Bergepanther yao yenye bei ya wastani. Mwenye nafasi finyu kabisa lakini moyo wake uko kwa lori kubwa, Academy walitoa Dragon Wagon katika skeli ya 1/72, ambayo hupunguza nusu mita ile hadi kama robo.

Na kwa anayevutiwa na uwazi wa Bergepanther lakini akachoshwa na wazo la magurudumu yaliyopishana, lipo Bergehetzer, gari dogo lililojengwa juu ya bodi ya Hetzer, gari dogo la Kijerumani la kuwinda vifaru, kwa idadi ya takriban 170, ambalo Thunder Model wamelitoa katika 1/35. Bodi yake ni kama sentimita 14 tu, juu iko wazi, na magurudumu ni manne makubwa kila upande. Halikuundwa kuvuta Tiger. Lilikuwa la kuhudumia Hetzer wenzake. Sikuliweka kati ya manne ya juu kwa sababu ni dogo mno kwa kazi nzito inayowavutia wengi kwenye magari haya, lakini kwa meza ndogo ni chaguo la heshima.

Nani achague nini

Aliyejenga kifaru kimoja au viwili na anataka gari lake la kwanza la kukwamua, bila kufungua pochi sana wala kubadilisha utaratibu wake wa kazi, M31 litamfaa. Ribiti zitamfundisha uangalifu, rangi ni moja, na modeli inajitosheleza rafuni.

Mwenye kundi la Sherman tayari, hasa zile za mwaka 1944 na 1945 katika Ulaya Magharibi, M32B1 litaingia kundini bila maelezo. Likipatikana lichukuliwe, kwa sababu kusubiri toleo lijalo huweza kuwa kusubiri kwingi. Asimamishe nguzo iwapo gari litakuwa katika mandhari ya kunyanyua injini au kipande kizito. Ailaze iwapo linavuta au linasafiri, kwani M32B1 lililosimamisha nguzo huku likikimbia barabarani litawashangaza wanaolijua.

Mwenye subira, brashi ya hewa na hamu ya kupaka vitu ambavyo wengine hawatavipaka, achague Bergepanther. Kama furaha yake ni injini na giaboksi, Takom yenye mambo ya ndani. Kama ni winchi, sepeto na kuta za mbao zilizochakaa, Meng au Takom bila mambo ya ndani, na muda anaouokoa autumie kwenye kifaru kilichokwama nyuma yake. Asiyependa kurudia jambo lile lile mara nyingi ajiepushe, maana magurudumu ya Panther hayana huruma.

Anayechoshwa na minyororo ya vifaru, au anayependa malori tangu zamani, hana sababu ya kuangalia zaidi ya M26. Kama rafu haina nusu mita, anunue lori peke yake. Winchi za nyuma zinatosha kulipatia hadhi. Kama nafasi ipo na trela limenunuliwa, aamue mapema ni kifaru gani kitapanda, kwa kuwa cheni za kufungia mzigo na alama za kukwaruzwa kwa sakafu ya trela hutegemea upana wa minyororo ya kifaru hicho, na ni kazi inayofanywa kabla ya kubandika, si baada.

Anayenunua kwa ajili ya kijana anayeanza asiangalie hata moja ya manne haya kwa mara ya kwanza. M32B1 la zamani la Italeri, gundi, brashi mbili na kopo la kijani cha zeituni vitamtosha, na akiliharibu halitauma.

Na anayesitasita kati ya magari mawili kwa muda mrefu afungue orodha ya vifaru alivyonavyo vikiwa bado ndani ya maboksi. Kama ndani yake kuna Panther, Bergepanther limekwisha kuchaguliwa. Kama kuna Sherman, uchaguzi umebaki kati ya M32B1 linaloivuta na trela la M15 linaloibeba, na hapo rafu ndiyo itakayosema.